Ukifika Ujerumani, Jina Lako Liwe Kwenye Sanduku la Barua

Mazungumzo ya kwenda Ujerumani siku hizi yamejaa viza. Kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, ndani ya matatu za Nairobi, kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa uuguzi, maswali ni yale yale: ubalozi unachukua muda gani, kwenye mahojiano wanauliza nini, akaunti ya benki inatakiwa ionyeshe kiasi gani. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotiliana saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, joto limepanda zaidi. Viza siibezi. Ila wa kukuelekeza namna ya kuiomba wamejaa tele. Wa kukueleza mwezi wa tatu utakukuta katika hali gani ni wachache, na baadhi yao hawawezi kusema kweli kwa sababu picha walizokwisha kuziweka mtandaoni zimewafunga midomo.

Nimekaa huku muda wa kutosha kuwapokea wageni uwanja wa ndege, kuwasindikiza maofisini na kuwasikiliza wakilia jikoni kwangu. Ushauri wangu wote unatoka mahali pamoja: jipe muda. Karibu kila hasara niliyoiona ya mwaka wa kwanza, iwe ya hela, ya kazi au ya ndoa, ilitokana na mtu kuharakisha jambo ambalo lingeweza kusubiri. Na anayekuharakisha mara nyingi si Mjerumani. Ni wakala aliyeko Nairobi, ni shangazi aliyeko Tabora, ni wewe mwenyewe unayetaka kuonekana umefika.

Tuanze na wakala, maana huyo unakutana naye kabla ya ndege. Ukiambiwa zimebaki nafasi mbili na malipo yafanyike leo, lala kwanza. Kwa wauguzi na wahudumu wa wagonjwa, utaratibu ambao Wajerumani wenyewe wanauhimiza ni kwamba gharama za kukutafuta zibebwe na mwajiri. Tangu 2022 wana hata nembo ya ubora ya serikali kwa mashirika yanayofuata utaratibu huo. Kwa hiyo anayekudai mamilioni ili "akuunganishe na hospitali" anakuuzia kitu ambacho hospitali imeshakilipia, au hospitali yenyewe haipo. Kenya, uliza usajili wake kwa National Employment Authority. Tanzania, uliza TaESA. Halafu omba jina la mwajiri, tafuta namba ya simu ya mwajiri huyo wewe mwenyewe, upige. Wakala mwaminifu hatakasirika.

Jua pia unakwenda kwa njia gani, kwa sababu njia ndiyo itakayoamua mfuko wako. Au pair ni kwa kijana wa miaka 18 hadi 26: unakaa na familia, unasaidia watoto kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, na unapewa euro 280 kwa mwezi za matumizi. Hiyo ni nafasi nzuri ya kujifunza lugha na nchi. Haiwezi kusomesha wadogo zako, na anayekupeleka kwa ahadi hiyo anakudanganya. Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ambayo unasoma huku unalipwa, huchukua miaka mitatu kwa uuguzi, na katika hospitali za umma mwaka wa kwanza mwanafunzi hupata zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato. Aliyekwisha kusomea uuguzi nyumbani huombea vyeti vyake vitambuliwe, na hapo utatakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2.

Kuhusu lugha nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojihujumu. Mtu anakariri maswali ya mtihani miezi mitatu, anapata cheti cha B1, anapanda ndege. Mwezi wa kwanza wodini, makabidhiano ya zamu saa kumi na mbili asubuhi: muuguzi aliyekesha anasoma wagonjwa kumi na wawili kwa dakika kumi, kwa vifupisho, huku akivaa koti lake la kuondokea. Mgonjwa wa chumba cha nne ni mzee wa kijijini anayezungumza lahaja ambayo hata Mjerumani wa Berlin inampiga chenga. Simu ya ukutani inalia na wewe ndiye uliye karibu. Cheti hakijibu simu. Niliowaona wakishindwa kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa Ausbildung ya uuguzi ni miezi sita, wengi hawakushindwa kazi. Mikono yao ilikuwa hodari kuliko ya wenyeji. Walishindwa kuuliza.

Basi afadhali ukae nyumbani miezi sita zaidi, kwa ugali wa mama, kuliko kuja kujifunzia lugha kwenye chumba cha kulipia. Goethe-Institut ipo Nairobi na ipo Dar es Salaam. Usiye na ada, Deutsche Welle, ile ile ambayo babu zetu waliifuata redioni kwa habari za Kiswahili tangu 1963, ina masomo ya bure mtandaoni kuanzia A1 hadi B1. Jizoeze hasa kuzungumza kwa simu, kwa sababu simu haina uso wala mikono ya kukusaidia. Na jifunze mapema sentensi tatu za kuomba mtu arudie, azungumze polepole, akuandikie. Kwetu mtu akirudia kuuliza huonekana mzito wa kuelewa. Huku anayeitikia "ndiyo" bila kuelewa ndiye anayeogopwa, hasa karibu na dawa.

Sasa umefika. Kabla ya kwenda kupiga picha kwenye stesheni, tafuta sanduku la barua la nyumba unayokaa na ubandike jina lako. Nasema kweli. Majengo mengi ya huku vyumba vyake havina namba. Tarishi hutazama jina. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na nchi hii pamoja na viwanda vyake vyote bado inaendeshwa kwa barua. Kadi ya benki itakuja kwa posta, na namba yake ya siri itakuja siku nyingine ndani ya bahasha nyingine. Kadi ya bima ya afya, posta. Namba yako ya kodi yenye tarakimu 11, posta. Nimemwona kijana wa Kisumu akikaa wiki tano bila mshahara kuingia, akimlaumu mwajiri, kumbe kwenye sanduku lilikuwepo jina la mwenye nyumba peke yake.

Barua hizo hazitakuja kama hujajiandikisha ofisi ya manispaa. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie, na unatakiwa uwe na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Mwenye nyumba anayekupangisha lakini hataki kukusainia, mwogope. Bila kujiandikisha hupati namba ya kodi, na bila namba hiyo mwajiri anaweza kulazimika kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa. Hela hiyo hurudi baadaye ukifuatilia, ila "baadaye" yenyewe ni ndefu.

Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna kisanduku kinachouliza dini. Wengi wetu tunakijaza haraka, tena kwa fahari, kama tunavyojaza fomu ya shule. Ujerumani Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiinjili hukusanyiwa kodi na serikali: asilimia 8 ya kodi yako ya mapato ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Sikufundishi kuikana imani. Nasema Mlutheri wa Moshi au Mkatoliki wa Machakos ajue anachokijaza, na ajue kwamba kujitoa baadaye kunataka kwenda ofisini kutoa tamko rasmi, kuacha kuhudhuria ibada hakutoshi. Kuna walioipenda hesabu hii kwa sababu parokia iliwasaidia kupata chumba, na hilo nalo ni kweli.

Wiki chache baada ya kujiandikisha itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Utaambiwa na mwenzako uitupe, kwani huna televisheni. Usiitupe. Ada ni ya kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Lakini ni moja kwa nyumba nzima: kama mnakaa watu wanne na mmoja analipa, nyie watatu mnaandika kutaja namba yake, basi. Na ukiona bahasha ya njano ambayo tarishi ameandika tarehe juu yake, hiyo ifungue ukiwa bado umesimama ngazini. Ni barua ya kisheria. Siku za kukata rufaa, mara nyingi wiki mbili, zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, uwe umeisoma au hujaisoma. Barua usiyoielewa mpelekee mtu siku ile ile. Kuna ofisi za ushauri kwa wahamiaji karibu kila mji, za Caritas, za Diakonie, za AWO, na huduma yake ni bure.

Nyumba. Ukiona tangazo la chumba kizuri katikati ya München kwa bei ya Mbagala, na mwenyewe anasema yuko nje ya nchi, utume dhamana akutumie funguo kwa posta, huyo ni tapeli, hana hata chumba. Usilipe kitu ambacho hujakanyaga. Dhamana kisheria haizidi pango la miezi mitatu bila gharama za nyongeza, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Wengi hawajui, wanakopa. Halafu usishtuke ukifungua mlango na kukuta nyumba haina jiko. Sizungumzii jiko la gesi. Hakuna sinki, hakuna kabati, na darini panaponing'inia nyaya mbili aliyehama amechukua taa zake. Ni desturi yao. Uliza mapema kama jiko lipo, na bei waliyokutajia ni pamoja na joto au bila joto, kwa sababu tofauti yake ndiyo itakayokula unga wako.

Wakati wa baridi fungua madirisha yote dakika kumi asubuhi na jioni, hata kama roho inakuuma kupoteza joto. Tunapika sana, tunachemsha maharage saa mbili madirisha yamefungwa, mvuke unaganda kwenye kona ya ukuta, ukuta unaota ukungu mweusi, na siku ya kuhama dhamana inabaki na mwenye nyumba. Pia mara moja kwa mwaka huja hesabu ya joto na maji yaliyozidi. Wanaokaa huku wakivaa fulana ndani ya nyumba mwezi Januari hulia mwaka unaofuata. Kata bima ya dhima kwa watu wengine, ni euro chache tu kwa mwezi. Siku ukipoteza ufunguo wa jengo zima na vitasa vyote vikabidi kubadilishwa, utaikumbuka.

Haya yote, hata hivyo, yana fomu na yana mtu wa kuuliza. Linalowavunja watu halina fomu: ni hela ya nyumbani.

Jambo hili huanza na tarakimu moja. Unapigia simu wazazi kwa furaha, unasema nimepata kazi, mshahara euro elfu tatu. Siku hiyo hiyo kuna mtu sebuleni anafungua simu, anabadilisha kwa shilingi, anasoma kwa sauti. Tangu hapo wewe ni mtu wa elfu tatu. Lakini mfanyakazi asiye na mke wala mtoto hukatwa takriban theluthi moja kwa kodi, bima ya afya, pensheni na bima nyingine. Inabaki elfu mbili na kidogo. Toa pango, nauli, simu, chakula. Kinachobaki kwenye mkono wako hakifanani kabisa na kilichotangazwa sebuleni, na hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo anza hapo: usitaje mshahara kabla ya makato. Ukilazimika, taja kinachobaki baada ya pango. Nyumbani wanaelewa pango.

Halafu mambo yanaingia mfululizo. Ada ya mdogo wako, hiyo ya haki. Bati za nyumba ya bibi, nayo ya haki. Kadi ya mchango wa harusi ya mtu mliyesoma naye darasa la tano, ambaye hajakupigia tangu hapo. Msiba, ambao hauna mjadala. Simu ya kaka imeibwa. Ujumbe unaingia saa tano usiku na unaanza na salamu ndefu kuliko kawaida, na wewe ukiuona urefu wa salamu unajua. Huna ubavu wa kukataa, unatuma. Mwezi wa nne unakula mkate mtupu wiki ya mwisho, na huwezi kumwambia mtu, maana nani atakuamini kwamba Ulaya kuna njaa?

Ninachowaambia wageni ni hiki, na wanaonisikiliza huwa wananishukuru wakiwa wameshatulia. Miezi sita ya kwanza usiahidi kiasi chochote cha kila mwezi. Sema kabla hujapanda ndege, mbele ya wazazi, tena bora asemaye awe baba mdogo au mtu mwingine wa heshima: mtoto anakwenda kusoma, kwa nusu mwaka asiombwe. Ndani ya miezi hiyo weka pembeni hela ya tiketi ya kurudi nyumbani na usiiguse. Hiyo ndiyo itakayokupeleka ukisikia mzazi amezidiwa, na ndiyo itakayokupa usingizi kazini. Baadaye kadiria kiasi unachoweza kutuma hata katika mwezi mbaya, ukitume tarehe moja, kwa mtu mmoja. Mtu huyo, mama au dada mwenye msimamo, ndiye awe mlango. Ombi lolote likija kwako, jibu lako ni moja: zungumza na dada. Utashangaa maombi yanavyopungua pale mwombaji anapotakiwa kueleza shida yake kwa mtu anayemfahamu na anayekaa mtaa wa pili.

Harusi na misiba vitengee kifuko chake, kikiisha kimeisha hadi mwezi ujao. Na katika miaka miwili ya kwanza usijenge. Najua kila mtu anajenga. Najua pia picha ya msingi ule ule ikitumwa mara nne, kila mara imepigwa upande mwingine. Ukitaka kununua kiwanja, nenda ukakione kwa macho yako ukiwa likizo, uende ofisi ya ardhi na hati mkononi, ulipe ukiwa pale. Ndugu yako anaweza kuwa mwema kabisa na bado akaelemewa na shida zake mwenyewe siku hela yako inapoingia kwenye simu yake. Usimweke kwenye mtihani huo.

Upweke nao uuweke kwenye hesabu, sawa na pango. Mgeni wa kwanza wa kwetu mwenye jina kubwa kuhamia nchi hii alikuwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar. Alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Miaka mitatu baadaye mumewe akagongwa na tramu akafa, na binti huyo wa kasri akabaki na watoto watatu, wa mwisho akiwa wa miezi michache, katika mji ambao mtu pekee aliyemfahamu kwa undani ameshazikwa. Alifundisha Kiarabu ili aishi, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Wengi humkumbuka kwa mapenzi yake. Mimi nikifikiria wasichana wanaokuja huku kwa ndoa, namkumbuka kwa jinsi maisha yake yote ya ugenini yalivyokuwa yameegemea mtu mmoja.

Kama umekuja kwa mume au mke, jua kwamba kibali chako kwa kawaida kinategemea ndoa hiyo kwa miaka mitatu ya kwanza. Tafuta lugha yako, akaunti yako ya benki, marafiki zako, na pasipoti ikae kwako, hata kama ndoa ni asali. Ukipigwa, sheria ina njia ya kukulinda hata kabla ya miaka hiyo mitatu kutimia. Namba 116 016 hupokea simu za wanawake saa 24, bure, bila kutaja jina. Asiyekuwa na ndoa naye atafute zaidi ya watu wa kwao. Kanisa la Waafrika, msikiti, chama cha Wakenya au cha Watanzania, vyote ni vya thamani. Huko utasalimiwa shikamoo na utakula pilau. Lakini mtaa wa Waswahili ugenini una masikio marefu. Jiunge pia na kwaya, timu ya mpira au zimamoto wa kujitolea wa kijiji. Mjerumani hakuzoei kwa kupiga soga kituo cha basi. Anakuzoea mkifanya kitu pamoja kila Jumanne kwa mwaka mzima. Akishakuzoea, atakuja kukusaidia kuhamisha vitu kwa gari lake, na kwao huo ndio udugu.

Kazini utapata watu wema, na utapata mgonjwa atakayesema hataki kuguswa na mkono mweusi. Si hadithi. Yakikukuta, toka chumbani kwa adabu, mwambie mkuu wa zamu, uandike tarehe, saa na maneno yaliyotamkwa. Anayekubagua akiwa mwajiri mwenyewe, sheria ya 2006 ya kutendewa kwa usawa inakupa haki ya kudai fidia, lakini dai liwasilishwe kwa maandishi ndani ya miezi miwili. Ukiumwa, piga simu kabla zamu haijaanza. Kutotokea kazini halafu ukaeleza kesho yake kwamba ulikuwa na homa ni kosa kubwa huku. Na Ausbildung ikikatika kabla ya kuisha bila kosa lako, usizime simu ukajificha kwa rafiki Frankfurt. Sheria inakuruhusu kupewa hadi miezi sita ya kutafuta nafasi nyingine. Anayekwenda ofisi ya wageni mwenyewe na mapema husikilizwa tofauti na anayekuja kupatikana.

Baridi wameieleza wengi. Usinunue koti zito Gikomba au Karume. Lilitoka huku huku, na huku mitumba yake ni rahisi zaidi. Linaloumiza zaidi ni giza: Desemba jua la Hamburg linazama saa kumi jioni, na unayeingia zamu ya asubuhi hulioni mpaka siku ya mapumziko. Siku hiyo toka nje hata kama huna pa kwenda, na muulize daktari kuhusu vitamini D. Unga wa ugali upo kwenye maduka ya Waafrika, na usipokuwepo, unga wa mahindi wa polenta unasongeka ukivumilia. Sukuma wiki inauzwa majira ya baridi, inaitwa Grünkohl, nao huipika na soseji mpaka inakuwa nyeusi. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi.

Mwaka wa pili au wa tatu yatakujia maswali makubwa zaidi: nibaki, nirudi, nichukue uraia? Hayo nayo yape muda. Tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu mtu kuomba uraia baada ya miaka mitano kwa kawaida, bila kuacha wa kwao. Kwa Mkenya ni rahisi, Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa nao wote wawili. Mtanzania akichukua wa Ujerumani anapoteza wa Tanzania, kwa hiyo asisaini kwa kuiga wenzake. Anayerudi moja kwa moja asisahau pensheni: kama amechangia chini ya miezi 60, anaweza kuomba arudishiwe michango yake mwenyewe miezi 24 baada ya kuondoka. Atunze karatasi.

Na safari ya kwanza ya likizo, ipange kwa siri kidogo. Wajue tarehe watu wa nyumbani kwenu tu. Zawadi ziwe ndogo na zilizohesabiwa kwa majina, na siku ya kwanza tangaza siku ya kuondoka, ili mipango isikuzidi. Kabla ya safari angalia kibali chako kinaisha lini. Kama kitaisha ukiwa huko, kiongeze kwanza. Na kama mzazi anaumwa na unaona huenda ukakaa, kumbuka kwamba kukaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita kwa kawaida kunakifuta kibali, hata kama tarehe iliyoandikwa haijafika. Nenda ofisi ya wageni, eleza hali, omba muda mrefu zaidi, upewe kwa maandishi. Halafu mwachie jirani ufunguo wa sanduku la barua.